Dawa Isikome kwa Kujiona Mzima: Tuielewe Saratani Sugu ya Damu

Neno "sugu" katika lugha yetu lina ukali wake. Mtoto sugu ni yule asiyesikia la mkubwa. Kidonda sugu ni kile kinachokataa kupona. Vijidudu sugu ni vile visivyouliwa na dawa. Kwa hiyo mtu anapoambiwa hospitalini kwamba ana saratani sugu ya damu, husikia hukumu mbili kwa mara moja: kwanza saratani, kisha sugu. Hurudi nyumbani akifikiria wasia. Kuandika wasia ni jambo jema kwa kila Muislamu, mzima na mgonjwa. Lakini kuandika kwa kukata tamaa ni jambo jingine.

Kwa madaktari neno hilo halibebi maana hiyo. Wanaposema saratani ya damu ni sugu, hukusudia kwamba inakwenda polepole na kudumu muda mrefu, kinyume cha ile ya ghafla ambayo huweza kumwangusha mtu kwa muda wa wiki chache. Na miongoni mwa hizo zinazokwenda polepole, ipo moja ambayo leo, kwa idhini ya Allah (S.W.), hudhibitiwa kwa vidonge anavyomeza mgonjwa nyumbani kwake. Kwenye kadi za kliniki huandikwa kwa herufi tatu, CML. Kwa Kiswahili twaweza kuiita saratani sugu ya damu ya mailoidi.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. La kwanza ni kuzifahamisha familia zetu maradhi haya ni nini. La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni kutahadharisha juu ya hatari inayozaliwa ndani ya nyumba zetu wenyewe, tena mara nyingi kwa nia njema: mgonjwa kuacha dawa kwa sababu amejiona mzima.

Damu inavyoharibika

Damu ya mwanadamu hutengenezwa katika uloto, yaani ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Humo huzaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu mtu anapojikata. Kila chembe huzaliwa kwa kipimo, hutumika kwa muda wake, kisha hufa ikapisha nyingine.

Katika maradhi haya, chembe moja mama ndani ya uloto hupata hitilafu katika maandishi yake ya urithi. Maandishi hayo yamefungwa katika vifurushi 46 viitwavyo kromosomu. Kipande cha kromosomu ya 9 hukatika na kuhamia kwenye kromosomu ya 22, na kipande cha 22 kikahamia kwenye 9. Pale vipande hivyo vinapoungana, huzaliwa amri mpya isiyokuwapo kabla, nayo huiambia chembe jambo moja tu bila kukoma: zaana. Ni mfano wa swichi ya taa iliyokwama ikiwa imewashwa. Chembe nyeupe huongezeka hata damu ikajaa chembe zisizo na kazi.

Katika mtu mzima mwenye afya, maabara huhesabu chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika maikrolita moja ya damu, ambayo ni sehemu ndogo mno ya tone. Kwa mgonjwa wa CML si ajabu hesabu hiyo kupita 100,000. Ndiyo maana daktari Rudolf Virchow wa Ujerumani, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaeleza maradhi ya namna hii mwaka 1845, baadaye aliyapa jina la Kigiriki lenye maana ya damu nyeupe. Jina hilo ndilo asili ya neno lukemia.

Hapa inafaa tuseme wazi mambo matatu ambayo watu huyauliza kwa kunong'ona. Maradhi haya hayaambukizi, si kwa kula sahani moja, si kwa kulala kitanda kimoja, si kwa jasho wala kikohozi. Pili, hayarithiwi: hitilafu hutokea katika chembe ya uloto wa mtu mwenyewe baada ya kuzaliwa, naye haipitishi kwa watoto wake. Tatu, kwa wagonjwa walio wengi hakuna sababu ijulikanayo. Kilichothibitishwa kuongeza hatari ni mionzi mikali, kama iliyowapata watu wa Hiroshima na Nagasaki kwa mabomu ya mwaka 1945. Basi asitafutwe jirani wa kushutumiwa, wala mgonjwa asiulizwe amefanya dhambi gani.

Dalili zinazojificha

Ugumu wa maradhi haya ni kwamba huanza kimya. Wapo wanaogundulika kwa bahati tu, wamekwenda kupimwa damu kwa ajili ya jambo lingine. Wengine huanza kwa uchovu usioelezeka, kupungua uzito, homa za hapa na pale, na jasho la usiku linalolowesha shuka. Dalili iliyo dhahiri zaidi ni uvimbe wa upande wa kushoto chini ya mbavu, ambako bandama hukua kwa kujaa chembe zilizozidi. Mgonjwa hula matonge machache akahisi ameshiba, kwa kuwa bandama imelisonga tumbo.

Katika mazingira yetu dalili hizi hufanana na mambo mengi. Homa huitwa malaria. Kushiba upesi huitwa vidonda vya tumbo. Kukonda na jasho la usiku hudhaniwa kifua kikuu. Bandama nayo huweza kuvimba kwa malaria ya kurudiarudia au kwa kichocho, na ni desturi ya zamani katika sehemu nyingi kumchanja chale ubavuni mwenye bandama iliyovimba. Tuitazame desturi hiyo kwa tahadhari kubwa. Chale huingiza vijidudu mwilini, mgonjwa wa damu huweza kutokwa na damu isiyokatika, na bandama iliyokua sana huweza kupasuka ikikandwa au ikipigwa.

Kinachofungua njia ni kipimo cha hesabu kamili ya damu, ambacho hospitali nyingi za wilaya hukifanya. Hesabu ya chembe nyeupe ikiwa juu kupita kiasi, mgonjwa hupewa rufaa. Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi ni miongoni mwa mahali penye wataalamu wa saratani. Huko hufanywa kipimo cha vinasaba kinachoitafuta ile amri mbovu yenyewe. Asiyepimwa vinasaba asikubali kuanza wala kukataa dawa kwa kubahatisha, kwani saratani za damu ni nyingi na kila moja ina tiba yake.

Tusichelewe, kwa sababu polepole si milele. Ikiachwa bila tiba, hatua ya kwanza iliyo tulivu aghalabu hudumu miaka mitatu hadi mitano. Kisha maradhi huongeza kasi, na mwisho hugeuka kuwa ya ghafla, na hapo vidonge peke yake havitoshi tena.

Safari ya kidonge

Mwaka 1960, watafiti wawili katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, Peter Nowell na David Hungerford, waliona chini ya darubini kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa hawa. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago alibainisha kwamba haikuwa imekatika tu, bali ilikuwa imebadilishana vipande na nyingine. Tangu hapo watu wa elimu walijua adui yu wapi, ila hawakuwa na silaha ya kumfikia.

Silaha ilipatikana karibu na mwisho wa karne. Dawa iitwayo imatinibu, inayojulikana pia kwa jina la biashara Glivec, iliundwa ili ijichomeke pale pale penye ile swichi iliyokwama na kuizima. Daktari Brian Druker wa Oregon alianza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa kipimo cha kutosha baada ya dawa nyingine kushindwa, 53 walirejea kwenye hesabu ya kawaida ya damu. Mwezi Mei 2001 serikali ya Marekani iliiruhusu itumike. Wagonjwa walioanza nayo mapema na kufuatiliwa kwa takriban miaka 10, zaidi ya 80 katika kila 100 walikuwa hai. Maradhi yaliyokuwa yakihesabiwa kwa miaka michache yamekuwa ya kuishi nayo, mfano wa shinikizo la damu au kisukari.

Bei yake ya mwanzo ilikuwa nje ya uwezo wa familia ya kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtengenezaji wake, kampuni ya Novartis, pamoja na shirika la hisani The Max Foundation, walianza mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wasio na uwezo katika nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwamo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya rufaa ya India ilikataa ombi la kampuni hiyo la hataza juu ya dawa hiyo nchini humo, na viwanda vya huko vikaendelea kuitengeneza kwa bei nafuu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Namna ya kuipata hubadilika kwa wakati na mahali. Mgonjwa aulize kliniki yake kabla hajakata tamaa au kuuza shamba.

Kidonge na shukurani

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno haya. Mgonjwa akianza dawa, katika miezi michache ya mwanzo bandama hunywea, jasho la usiku hukoma, hamu ya chakula hurudi na nguo zilizompwaya zikamkaa tena. Hesabu ya damu huwa sawa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwili umenyamaza lakini ile amri mbovu ingalimo ndani ya uloto, imezimwa tu, haijafutwa.

Katika msikiti wetu yupo muumini mmoja, fundi seremala, ambaye alipopata nafuu familia yake iliandaa dua ya shukurani. Watu walisoma, walikula, walimwombea. Siku iliyofuata aliviweka vidonge juu ya kabati na hakuvigusa kwa miezi mitano. Mkewe alipovikuta, alikwenda kwa imamu. Imamu alipomwita, yule ndugu alijibu kwa adabu, "Sheikh wangu, watu wameniombea na Mola amejibu. Nikiendelea kumeza dawa, si nitakuwa natilia shaka dua zao?"

Imamu hakumkemea. Alimwuliza, "Ndugu yangu, ile afya uliyomshukuru Allah siku ile, ilikufikia kwa njia gani?" Akanyamaza. Imamu akaendelea, "Mvua ikinyesha ukapata mavuno, shukurani yako ni kulima tena au kulitupa jembe?"

Alirudi kliniki ubavu ukiwa umeanza tena kuvimba. Alhamdulillahi, vipimo vilionyesha angali katika hatua ya kwanza, na dawa ile ile ikafanya kazi tena. Si wote wanaokutwa hivyo. Ile amri mbovu ikipewa nafasi huweza kubadilika umbo, dawa isiweze tena kuizima, mgonjwa akahitaji dawa nyingine iliyo adimu zaidi. Leo ndugu huyo humeza kidonge baada ya chakula cha usiku, na mkewe huweka alama kwenye kalenda ya msikiti, ile yenye nyakati za sala iliyotundikwa ukutani.

Swali la yule fundi si la ujinga, ni la mtu mwenye imani anayetafuta adabu na Mola wake. Jibu lake lipo katika mafundisho tuliyoyazoea. Usama bin Sharik (R.A.) amesimulia kwamba Mabedui walimwuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) kuhusu kujitibu, naye akawaelekeza wajitibu, akiutoa uzee peke yake katika maradhi yaliyowekewa dawa. Kutawakali hakuondoi sababu, kama mkulima atawakaliye hakosi kupanda mbegu. Mwili ni amana, na kuitunza amana si kazi ya siku moja.

Uzito wa kidonge kimoja

Huenda mtu akasema, "Mimi siachi, ila huruka siku mbili tatu." Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na madaktari wa hospitali ya Hammersmith, London, uliwafuata wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia imatinibu kwa miaka kadhaa. Vifuniko vya chupa zao za dawa viliwekwa kifaa kidogo kilichoandika kila mara chupa ilipofunguliwa, kwa muda wa miezi mitatu. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa maradhi kushuka hadi kiwango cha chini kinachotakiwa katika miaka sita ulikuwa asilimia 94.5. Waliomeza asilimia 90 au chini ya hapo, uwezekano huo ulikuwa asilimia 28.4. Na waliomeza asilimia 80 au chini, hakuna hata mmoja aliyefika.

Tuifanye hesabu hiyo kwa mwezi wa siku 30. Asilimia 90 ni siku 27. Basi kukosa siku tatu tu kwa mwezi humweka mtu ukingoni, na kukosa sita humtupa upande usiotakiwa.

Kwa hiyo mgonjwa auchukulie wakati wa dawa kama anavyouchukulia wakati wa sala. Kipimo cha kawaida cha imatinibu kwa mtu mzima aliye katika hatua ya kwanza ni miligramu 400 kwa siku, pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Akisahau siku moja, asimeze mara mbili siku inayofuata ili kufidia. Akipata kichefuchefu, kuharisha, kukakamaa kwa misuli au kuvimba kope, amweleze daktari, asijipunguzie mwenyewe. Na asiridhike na kujisikia vizuri: kile kipimo cha vinasaba hurudiwa, kwa kawaida kila miezi mitatu, ili kujua maradhi yameshuka kiasi gani. Lengo linalotumiwa na wataalamu ni kushuka hadi asilimia 10 au chini katika miezi mitatu, asilimia 1 katika miezi sita, na asilimia 0.1 katika mwaka.

Ni kweli kwamba baadhi ya wagonjwa, baada ya miaka mingi ya matokeo mazuri mno, madaktari huwaruhusu kuacha dawa. Lakini hao hupimwa vinasaba mara kwa mara, mwanzoni karibu kila mwezi, na takriban nusu yao hulazimika kuirudia. Uamuzi huo hufanywa kliniki kwa vipimo, haufanywi nyumbani kwa kujitazama kwenye kioo.

Mwezi wa Ramadhani

Hili ndilo swali linaloletwa zaidi misikitini kila Shaabani inapofika. Kumeza kidonge mchana hubatilisha funga, na Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni sadaka ya Mola kwa waja wake. Kuikataa kwa kujidhuru si uchamungu.

Hata hivyo, imatinibu ya mara moja kwa siku humezwa pamoja na chakula, na wagonjwa waliotulia huweza kuihamishia kwenye futari au daku iwapo daktari ameridhia. Daktari ataangalia hali ya figo, kiwango cha damu, na kama mgonjwa anatapika au kuharisha hata kupungukiwa maji. Aliye ndiyo kwanza ameanza tiba, au ambaye maradhi yake yamepanda hatua, mambo yake ni mengine.

Ipo pia dawa nyingine iitwayo nilotinibu, wanayopewa baadhi ya wagonjwa. Hiyo humezwa mara mbili kwa siku kwa kuachana saa 12 hivi, tena tumbo likiwa tupu: bila chakula saa mbili kabla na saa moja baada. Kwetu mchana wa funga hupita saa 13. Mwenye kutumia dawa hii asijipangie ratiba mwenyewe. Aende kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Na aliyeambiwa na daktari mwaminifu kwamba asifunge, amwulize sheikh wake iwapo atalipa siku zake au atatoa fidia, kwani hukumu hutofautiana kati ya mwenye kutarajia kuweza kufunga baadaye na asiyetarajia.

Kombe, habasoda na hijama

Hakuna mgongano kati ya kisomo na kidonge. Ruqya haiingiliani na dawa ndani ya damu, na moyo uliotulia humsaidia mgonjwa kuvumilia. Lakini vitu vinavyoingia tumboni na vinavyotoboa ngozi vinahitaji tahadhari. Baadhi ya mitishamba na vyakula hubadilisha namna mwili unavyoivunja imatinibu, ama ikazidi hata ikadhuru, ama ikapungua hata isifanye kazi. Balungi ni mojawapo, na mgonjwa huambiwa ajiepushe nalo. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hupunguza sana nguvu ya imatinibu, kwa hiyo anayetibiwa maradhi yote mawili awajulishe madaktari wa pande zote. Habasoda, asali na mchanganyiko wowote wa dukani, mgonjwa avitaje kliniki bila kuona haya.

Hijama nayo humtoa mtu damu. Dawa hizi huweza kupunguza chembe sahani na chembe nyeupe, na hapo damu hukawia kukatika na kidonda huwa mlango wa maradhi. Anayefanya hijama amwulize mteja wake kuhusu maradhi ya damu kabla hajashika wembe, na mgonjwa asiende bila ruhusa ya daktari.

Macho ya watu

Kuna mtihani mwingine usioandikwa kwenye kadi. Mtu aliyekuwa amekonda, sasa anameza kidonge kila siku kwa saa maalumu, maisha yake yote. Majirani hufunga hesabu yao wenyewe, na minong'ono ya virusi vya ukimwi huanza. Wapo wanaoficha dawa kwa ajili ya minong'ono hiyo, na anayeficha dawa yu karibu na kuisahau. Zaidi ya hayo, imatinibu huweza kuififisha rangi ya ngozi, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Dada anayezidi kung'aa uso huambiwa anajipaka mkorogo, ilhali ni athari ya dawa inayomweka hai. Kusengenya ni haramu kwa mzima. Kumsengenya mgonjwa kwa alama ya tiba yake ni dhuluma juu ya haramu.

Kwa wanandoa, jambo hili halifai kuwa siri ya mmoja. Imatinibu huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mwanamke anayeitumia hushauriwa kuepuka kushika mimba na kutonyonyesha. Akitamani mtoto, au akishika mimba bila kutarajia, asiache dawa kwa siri wala asiendelee kwa siri. Mke na mume wakae pamoja mbele ya daktari. Mume amfahamu mkewe kwamba huo si uasi wala ugumba. Na mume akiwa ndiye mgonjwa, mke apewe habari ya kweli, maana ndiye atakayeiona kalenda kila usiku.

Wajibu wa jamaa wa msikiti

Dawa ikiwa bure, nauli si bure. Mgonjwa anayetoka Newala, Kondoa au Ujiji kwenda kliniki Dar es Salaam hulipa basi kwenda na kurudi, hulipa chakula, huhitaji pa kulala, na hukosa siku za kazi. Akikosa nauli, hukosa vidonge vya miezi iliyo mbele. Kumbe kinachomrudisha nyuma si ugumu wa maradhi bali ni tiketi.

Fukara na masikini wametangulia kutajwa katika wanaostahiki zaka. Kamati za misikiti zinaweza kufanya mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Zitenge fungu la nauli za wagonjwa wa kudumu, litolewe kabla ya tarehe ya kliniki wala si baada. Ziunganishe mgonjwa na jamaa wa msikiti wa mjini atakayempa malazi ya usiku mmoja. Mwenye kupewa asitangazwe kwa jina mbele ya safu. Siri yake ni haki yake. Na pale familia inapoandaa dua ya shukurani kwa mgonjwa wao, imamu aseme sentensi moja ya ziada kabla ya kuomba: kwamba shukurani hii haikomeshi dawa.

Familia nazo ziifanye kazi yao ndogo ya kila siku: kuuliza kwa upole, "Umeshameza?", kuhakikisha chakula cha kumezea kipo, kumsindikiza kliniki anayeogopa kwenda peke yake. Anayemkumbusha mgonjwa kidonge chake yumo katika ibada, kama alivyo anayemwamsha jirani kwa Alfajiri.

Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu uponyaji usioacha maradhi nyuma yake, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuzitumie sababu alizotuwekea bila kuzitegemea kinyume chake. Wabillahi tawfiq.